Sanduku la Maneno Mia Tano

Ijumaa, saa sita usiku, dirisha la maombi litafungwa.
Sasa ni saa tatu na robo. Umeme wa Usa River
umekatika mara mbili tangu magharibi,
na kila ukirudi fomu inaniuliza upya jina langu
kama karani msahaulifu:
Anaeli Nderingo Mbise. Mwaka wa tatu kazini.
Mhandisi, ila si wa kugonga muhuri bado.

Chini ya jina kuna sanduku jeupe.
*Kwa nini unaomba shahada hii? Maneno yasizidi mia tano.*

Bosi wangu, Injinia Akyoo, alishanichagulia:
"Soma usimamizi wa miradi, binti.
Buti huchakaza mguu; kalamu haichubui."
Ana tumbo la mikutano na gari lisilojua tope.
Simcheki. Mshahara wangu hupitia kalamu hiyo.

Binamu yangu wa Ujerumani anasema miundo,
madaraja ya nyaya, maghorofa.
"Ukirudi na miundo, hata Dodoma watakuita."
Anasema *ukirudi*, kisha anakohoa kidogo.

Na Theopista, aliyelala kitanda cha juu yangu chuoni,
ameshapata ufadhili, njia anaijua:
"Andika meno yako, Ana.
Umezaliwa Maji ya Chai, ushahidi unao mdomoni.
Waambie floraidi. Waambie mama anavyocheka.
Watatoa machozi, kisha watatoa pesa."

Ni kweli yote. Meno yangu yana rangi
ya maziwa yaliyoshika chini ya sufuria.
Kwenye picha ya pasipoti nimefumba mdomo.
Mama hucheka nyuma ya kiganja;
siku ya mahafali yangu, picha tano, viganja vitano.
Nimeandika maneno mia moja na arobaini juu ya kiganja kile.
Yalikuwa mazuri. Uzuri wake ukanitisha.
Nimeyafuta.
Si kwamba maji hayastahili kusomewa.
Ayasomee anayeamka usiku kwa ajili yake.

Mimi kinachoniamsha ni kalvati.

Kalvati namba saba, barabara ya kupanda Oldonyosambu,
mabomba mawili ya sentimita tisini. Hesabu nilipiga mimi.
Nilikagua mara mbili, Akyoo akasaini mara moja.
Mvua ya Aprili, usiku mmoja tu,
udongo ule mwepesi, wa majivu, unaoingia hadi kwenye kope,
ukalowa, ukanywea, ukaondoka chini ya zege
kama mgeni asiyeaga.
Zege halikupasuka. Hilo ndilo linaloniuma.
Kalvati lilibaki zima, limening'inia hewani,
kazi yangu safi
juu ya kitu nisichokijua.

Hakufa mtu. Ng'ombe mmoja alivunjika mguu.
Mwenye ng'ombe, Lemayan, kijana wa rika langu,
hakunitukana. Alizima redio ya simu yake,
akachota udongo, akaujaza kiganjani mwangu,
akaumiminia maji ya chupa aliyokuwa akinywa.
Ukashuka. Ukabaki nusu.
"Huu mliusoma?"

Nikasema ndiyo. Tuliusoma, nusu ukurasa,
mhula wa pili, wiki ambayo mhadhiri alikuwa safarini.

Saa nne kasoro. Umeme umerudi.
Udongo na Misingi iko mwisho wa orodha,
chini ya zile zote zenye majina ya kuvalia tai.
Ufadhili wake ni nusu. Nusu nyingine ni mimi:
pikipiki itauzwa,
na mama atauliza udongo unasomewa nini
ilhali upo uani, bure.
Jibu la kumpa sina. La Lemayan pia sina;
ndiyo maana.

Naandika:
*Mwezi wa nne, kalvati langu lilibaki zima.*
Maneno saba. Pembeni ya sanduku
tarakimu zinaniambia yamebaki mia nne tisini na matatu.
Taa inapepesa.
Nahifadhi kwanza.